Jeep Nyeupe na Macho ya Mama Mkwe

Siku niliyoenda kuinunua, jeep ilikuwa tayari inanguruma nilipofika. Niliichukua kama heshima. Nilidhani muuzaji ameamka mapema, ameiwasha, ameipasha moto ili mgeni wake asisubiri. Hata tulipokaa kivulini kunywa soda na kupatana bei, hakuizima. "Iache tu ipumue," alisema. Mimi, mtu wa chuo kikuu, niliyesomea falsafa na kufundishwa kutilia shaka hata kuwepo kwa meza iliyo mbele yangu, sikujiuliza kwa nini gari lililosimama liachwe linywe mazutu bure. Nilikagua nilivyovielewa. Nilikalia viti vyote, nikavisifu. Nilifungua redio, ikaimba. Ndani ya kisanduku cha mbele nilikuta kitabu cha maelezo ya gari, safi, hakijawahi kufunguliwa, nikafurahi kuliko nilivyofurahia gari lenyewe. Kwangu, kitu chenye kitabu ni kitu kinachotengenezeka.

Niliifikisha nyumbani Baraka, nikaisimamisha mbele ya mke wangu na majirani wote, nikazungusha ufunguo kwa madaha na kuizima.

Haikuwaka tena.

Fundi wangu ni mtu wa Burundi aliyekimbilia huku na kulima mihogo kabla ya kugundua kwamba magari ya Baraka yanazaa kuliko mihogo. Karakana yake ni kontena moja lenye kutu, kando ya barabara. Ana moyo mwepesi na ugonjwa mmoja tu anaoujua. Alifungua boneti, akainama, akasikiliza injini iliyonyamaza, akasema:

"Hii iko na hewa, papa prof."

Siku hiyo nilishukuru kwamba si jambo kubwa. Baadaye breki zilipokataa, zilikuwa na hewa. Taa zilipozimika, waya ulikuwa umeingiwa na hewa. Tairi lililopasuka ndilo peke yake alilokiri kwamba halina hewa. Kwa upande wa kuwaka, ilionekana kwamba demarere, yaani ile mota ndogo inayoamsha injini kubwa, ilikuwa imekufa zamani, na kwamba muuzaji wangu alikuwa amesukuma gari asubuhi ile, akaliacha linanguruma mpaka mpumbavu afike. Tuliagiza demarere nyingine Uvira. Ilikuja ya gari jingine. Fundi aliifunga hivyo hivyo kwa mpira wa baiskeli, ikalia kama bata kwa siku chache, ikanyamaza.

"Usihangaike," aliniambia. "Gari ya namna hii inapenda bantu ba kuisukuma. We simamisha yako kwenye muteremko, basi."

Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeishi milimani. Baraka iko kando ya ziwa, tambarare kama sinia. Kuanzia wiki ile maisha yangu yalipangwa na miteremko. Nilijua kila kituta cha mji. Marafiki wanaokaa mahali pa tambarare hawakuniona tena. Rafiki mmoja niliyekuwa nimempuuza miaka mingi, kwa sababu ya maneno yake mengi, nilianza kumtembelea kila Jumamosi, maana nyumba yake imejengwa juu ya kilima. Hata Jumapili haikupona. Nilibatizwa Mkatoliki, na parokia yetu iko kwenye uwanja mzuri ulionyooka. Waprotestanti wao walijenga juu, penye mwinuko wa kupendeza. Baada ya Jumapili mbili ambazo waumini walitoka misani na kunisukuma wakiwa wamevaa nguo zao nyeupe, nilijikuta nasali kwa Waprotestanti. Mchungaji alinipokea kwa furaha na kutoa ushuhuda juu yangu mbele ya watu, jinsi msomi alivyoguswa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kilichonigusa.

Mteremko ulipokosekana, nilihitaji watu. Ndiyo maana nikapata jina la mtu mwenye roho safi. Sikumpita mama mwenye gunia wala mzee mwenye fimbo bila kusimama. Watu walisema: tazama, amesoma lakini hana majivuno, anabeba kila mtu. Mimi nilikuwa nabeba demarere yangu.

Hata hivyo majivuno nilikuwa nayo, na yalikuwa ya rangi nyeupe. Jeep ile ilikuwa ya shirika moja la misaada lililofunga ofisi na kuondoka. Walibandua vibandiko vyao, lakini jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mlangoni lilibaki duara la weupe mkali kuliko weupe mwingine, na chini ya dirisha kivuli cha bunduki iliyopigwa mstari mwekundu, ule mchoro wa kusema silaha haziingii humu. Juu ya boneti ulibaki mguu wa antena ndefu isiyokuwepo. Kila mtoto wa huku kwetu Fizi anaijua jeep ya namna hiyo. Ikipita, watu wanapunga mkono. Ikisimama, wanatafuta kadi zao za msaada.

"Uipake rangi," mke wangu aliniambia. "Hata kijani. Bantu banazani uko na muchele mule ndani."

Nilimjibu kwamba rangi ni gharama. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza nilipofika kwenye kizuizi cha njia ya Mboko, kijana wa pale aliiona jeep, akaishusha kamba mpaka chini na kunipigia saluti. Mimi ambaye kwa miaka yote nilivuka pale kwa miguu, nikieleza natoka wapi, naenda kwa nani na kwa nini kitambulisho changu kimelowa. Nilianza kufunga vioo. Nilianza kuvaa kofia na kuendesha nikitazama mbele tu, kwa uchovu kidogo, kama wanavyotazama wale wa mashirika. Mke wangu alinitazama siku moja, akacheka mpaka akashika dashibodi.

"Utaanza lini kusema Kiingereza?"

Sikuipaka rangi.

Sasa nimlete mama mkwe wangu, maana bila yeye jeep hii isingekuwa na habari.

Mama mkwe anakaa Lubondja, kwenye mashamba, na alikuwa hajaona vizuri tangu misimu kadhaa ya kulima. Mtoto wa jicho alianza upande mmoja, akahamia na wa pili. Mwishowe alikuwa anapalilia kwa kupapasa, anang'oa karanga na kuacha majani, na jirani mmoja alikuwa akimwibia kuni huku anamsalimia. Hilo la kuni ndilo lililomuuma. Hakulia juu ya giza, alilia juu ya jirani.

Halafu ikatangazwa katika makanisa, ya juu na ya tambarare, kwamba madaktari wa macho wamekuja Baraka kwa wiki moja. Wanaondoa utando, mtu anarudi kuona. Nani anajua watarudi lini tena? Mke wangu alinitazama, mimi nikaitazama jeep.

Pikipiki ilikuwa haiwezekani. Mama mkwe alikuwa ametangaza kwamba hawezi kumkumbatia kijana asiyemwona. Lakini jeep nayo ilikuwa na tatizo lake, na tatizo hilo lilikuwa mimi. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali wakitazamana, hawasemi uso kwa uso. Zaidi ya yote, kiti anachokalia mmoja, mwingine hakikalii. Tangu nilipooa sikuwahi kuona uso wa mama huyu kwa zaidi ya kupepesa jicho, na yeye, alipokuwa na macho, aliyageuzia ukutani kila nilipoingia. Tunaongea, lakini kupitia kwa mtu. Kama mtu hayupo, tunaongea kupitia kwa kuku. Tulipendana sana kwa njia hiyo.

Mke wangu alipanga yote: mama yake atakaa nyuma kabisa, yeye atakaa katikati, na kitenge kitafungwa kama pazia. Kilichobaki ni jeep kukubali. Jumatatu ilikataa. Fundi alisema ni hewa. Jumanne aliitoa hewa, na Jumatano ikawa imerudi. Alhamisi alifungua kitu kikubwa, akakifunga, na kikabaki kidude kimoja kidogo juu ya gazeti.

"Hiki ni cha wapi?"

Alikigeuzageuza, akakitia mfukoni mwa shati langu. "Iko tu."

Ijumaa asubuhi jeep iliwaka. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Madaktari walikuwa wamesema watapokea watu mpaka jua lizame, watawapasua usiku na Jumamosi, halafu wanaondoka. Tulipanda kuelekea Lubondja, mimi na mke wangu. Kila kilima kilipokuja nilimsikia ananong'ona, na sikujua kama anamwomba Mungu au anaitukana injini.

Tulifika mapema kuliko nilivyotegemea. Niliisimamisha mteremkoni, pua ikitazama Baraka, nikaacha injini inanguruma, nikajiona dereva mwenye akili. Kosa lilikuwa weupe.

Kabla sijateremka, mtu alikuwa ameshapiga kipande cha chuma cha kuitia watu. Walikuja kutoka mashambani na majembe. Walikuja akina mama na kadi kwenye mifuko ya plastiki, kadi za kila rangi, za watu waliokuja kuhesabu nyumba, kuhesabu watoto, kuhesabu mbuzi. Mama mmoja alishamvua mtoto wake shati ili apimwe mkono. Shefu wa kijiji alifika akivaa koti lake njiani, nyuma yake mtu aliyebeba meza na mtu aliyebeba kiti.

"Karibu sana bageni," shefu alisema, kama mtu aliyetusubiri miaka. "Tulibangoya."

"Shefu, mi si mugeni. Mi ni mukwe wenu, unanijua. Nilikuja kuchukua mama mukwe, aende kwa munganga wa macho."

Shefu alilitazama duara la mlangoni, akanitazama mimi na kofia yangu, akatikisa kichwa kwa kuelewa. Aligeukia watu.

"Banaanza na bantu ya macho!"

Palikuwa na mzee ambaye dakika ile ile alikuwa anawafokea mbuzi wake walioko ng'ambo ya bonde. Nilimwona akifumba macho taratibu na kuunyoosha mkono autafute bega la mke wake.

"Hapana, shefu. Sikilizeni. Hatukuleta kintu chochote."

"Tunajua," alisema shefu kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi. "Siku ya kwanza ni kuandika. Bintu inafuata nyuma."

"Hatuandiki!"

"Mutaandika kesho. Komite tulishatengeneza. Huyu ni prezida, huyu makamu yake, na huyu mama ni mushauri wa bamama."

Prezida wa komite alinipa mkono. Nilipanda juu ya ngazi ya mlango, nikatoa hotuba. Ni kazi yangu, naandika makala, nafundisha, najua kueleza. Nilieleza tofauti ya kitu na alama ya kitu. Nilieleza kwamba gari linaweza kufanana na shirika bila kuwa shirika. Nilisema kwa Kiswahili safi, kwa mifano, na watu walinisikiliza kwa makini yote. Nilipomaliza prezida wa komite aliinua kidole akauliza kama awamu hiyo ya kwanza itagusa na wale waliokuwa shambani.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Mke wangu alikuwa amemtoa mama yake nyumbani na sasa wamekwama kati ya umati, mama mkwe na kitenge chake kipya, uso juu, akiuliza, "Wanagawa nini? Mwanangu, na sisi tuandike basi, kadi yangu iko chini ya mutungi." Mke wangu aliniangalia juu ya vichwa vya watu. Sijawahi kuangaliwa vile. Nilivua kofia, nikaivaa tena, nikasema neno ambalo nilikuwa nimelisikia kwa wenye jeep hizi maisha yangu yote.

"Tutarudi."

Walipiga makofi. Njia ikafunguka saa ile ile, na shefu mwenyewe akafunga mlango nyuma ya mama mkwe. Hiyo ndiyo lugha, na mimi nilikuwa nimepoteza muda wote ule na Kiswahili.

Nilibeba demarere yangu kama kawaida: diakoni mmoja mwenye suti, aliyekuwa na mkutano Baraka, mama wawili na magunia yao ya unga wa muhogo, na makamu wa komite, kijana mwenye mabega, aliyesema anakuja kufuatilia. Nyuma ya pazia la kitenge mama mkwe alikaa kama askofu. Tuliteremka.

"Mwambie bwana yako aende polepole," ilitoka sauti nyuma ya pazia. "Matumbo yangu inabaki nyuma."

"Mama anasema uende polepole," alisema mke wangu.

"Mwambie mama hii ndiyo polepole yenyewe. Chini yake hakuna ingine."

"Anasema hii ndiyo..."

"Kwani injini ndiyo inalia hivi, ama ni yeye?"

"Mama anauliza..."

"Ni injini," nilisema.

"Ni injini, Mama."

Ilinyamaza kabla sijamaliza kuitetea. Tulikuwa mahali pabaya, kipande cha tambarare chenye matope, mto mdogo nyuma yetu, mtaro mrefu kushoto, na mbele, mbali kama ahadi, kichwa cha mteremko. Nilifungua boneti. Nilitoa kile kidude mfukoni mwa shati, nikatafuta tundu linalofanana nacho, nikakirudisha mfukoni. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Ni hewa." Abiria wakateremka.

Walisukuma, mimi usukanini. Jeep ilitetemeka, haikwenda. Walishusha magunia. Haikwenda. Mama mmoja, mwenye mikono ya unga, alikuja dirishani kwangu.

"Toka, papa prof. Uko muzito kuliko muhogo yetu."

"Nani atashika usukani? Inavuta kushoto, itaingia mtaroni."

Wakatazamana. Mke wangu ana nguvu kuliko mimi na makamu wa komite pamoja, huyo ilibidi asukume. Diakoni alisema yeye lazima atangulie na jiwe, ili tukifika kwenye mteremko alitie chini ya tairi. Mtu pekee asiye na kazi, na mwepesi kama gunzi la mahindi, alikuwa nyuma ya pazia.

"Haiwezekani," nilisema. "Ni kiti changu. Nimekikalia mimi."

Kila mtu alielewa. Hata makamu wa komite aliinamisha kichwa. Jua lilikuwa limegusa vilele vya milima. Tulisimama pale kwenye matope, watu wazima, na gari, na mwanamke ambaye macho yake yalikuwa yanasubiriwa mjini, tukifikiria juu ya makalio yangu.

Diakoni ndiye aliyekata shauri. Alilaza jiwe lake chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Tuulizane. Kiti ni nini? Kiti ni pale mutu anakaa akipumuzika. Sindiyo?"

"Ndiyo," tulisema.

"Na huyu papa, tangu anunue hii gari, nani alimuona akipumuzika ndani yake?"

Mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

"Basi hii si kiti. Ni kipande cha mashini."

Mke wangu alitandika kitenge juu ya kipande cha mashini. Mimi niligeuka nikatazama mto. Nilisikia mama mkwe anashushwa, anazungushwa, anapandishwa, mikono yake inawekwa mahali.

"Nishike hivi?"

"Hivyo, Mama. Usigeuze popote."

"Nigeuze wapi, mwanangu? Naona nini?"

Tukaanza kusukuma. Safari hii ilikwenda. Ilikwenda kwa kilio, tope likiturukia usoni, mke wangu katikati, mimi pembeni mwake, uso wangu umebanwa kwenye tairi la akiba. Na hapo ndipo mama mkwe alipogundua kwamba hakuna mtu wa katikati. Binti yake alikuwa nyuma anahema. Ilibidi aseme na mimi, na kusema na mimi ni mwiko. Kwa hiyo alisema na gari.

"We gari! Sema na mwenyewe wako asukume na miguu, asisukume na tumbo!"

Nilisukuma na miguu.

"We gari! Njo mulisomea bintu gani kule chuo ya Bukavu, kusukuma hamukufundishwa?"

Makamu wa komite alicheka akateleza, akaenda chini na suruali yake. Mama mwenye unga alipiga kigelegele. Halafu, akitafuta mahali pa kushika vizuri, mama mkwe aliugusa ubao wa katikati wa usukani, na honi, kitu kimoja ambacho katika jeep yangu hakijawahi kuharibika, ikalia juu ya bonde lote.

Alitoa mkono. Kisha akaurudisha.

"Kumbe inalia," alisema, na tangu hapo mpaka kwenye kichwa cha mteremko hakuacha. Watu walitoka mashambani kutazama. Waliona jeep nyeupe ya shirika ikitanguliwa na diakoni mwenye jiwe, ikisukumwa na mwalimu wa chuo na kiongozi wa komite, na kwenye usukani bibi kizee amefumba macho, anapiga honi. Nadhani Lubondja bado wanaeleza mradi ule ulikuwa wa nini.

Jiwe lilishika. Mama mkwe alikataa kidogo kushuka. Niliingia mimi, nikiwa nimetandua kitenge kwa ncha za vidole, jiwe likaondolewa, jeep ikateremka, nikaachia klachi, injini ikakohoa na kuwaka, na wote wakakimbia na magunia wakirukia ndani.

Tulifika langoni pa hospitali likibakia jua la kujazia kikombe. Foleni ya nje ilikuwa ndefu. Mlinzi aliliona duara la mlangoni, akaona kofia yangu, akafungua milango yote miwili na kusimama wima. Mke wangu alinitazama kwenye kioo. Nilipita mbele ya watu wote wale, na ningependa kuandika kwamba niliona haya, lakini nilikanyaga mafuta. Mbele ya mlango wa madaktari injini ilijizimia yenyewe. Muuguzi aliyetoka na taa aliuliza, "Ninyi ni shirika gani?" na mke wangu, ameshamkumbatia mama yake kiunoni, alisema, "La Mama," akapita.

Walimpasua usiku ule, akiwa wa mwisho kabla ya kufunga.

Kesho yake walimfungua kitambaa. Sikuwapo, desturi hainiruhusu, lakini mke wangu alinieleza, kwa kicheko na machozi katika sentensi moja. Mama alipepesa, akatazama mkono wake mwenyewe, upande wa ndani na wa nje. Kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akasema, "Umenenepa. Vizuri." Aliletwa nyumbani kwetu kupumzika na hakupumzika hata saa moja. Alitazama kila kitu na kila kitu kilimkosea. Sufuria zetu zilikuwa na masizi. Ukuta ulikuwa na ufa. Wajukuu wake walikuwa na masikio ya upande wangu. Alihesabu kuni zetu, akazihesabu tena jioni. Aliimba. Kutoka chumba cha pili, mgongo ukutani, nilimsikiliza mtu akirudishiwa dunia na kuikagua kama muuzaji amemdanganya.

Jeep wakati huo ilikuwa kwa fundi, kwa sababu ya hewa. Ilirudi asubuhi ile ile ya mama mkwe kurudi Lubondja. Niliiosha mwenyewe. Niliisugua mpaka ile bunduki yenye mstari ikawa inaonekana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Niliisimamisha mbele ya nyumba, nikawaomba majirani wasiondoke, nikakaa usukanini, macho mbele, kama inavyompasa mkwe.

Mama mkwe alitoka na kifurushi chake, akasimama.

Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Aliizunguka jeep kwa hatua za taratibu. Aliipitishia kidole bunduki. Alisimama mbele ya mlango wa nyuma uliofungwa kwa waya. Aliinama akatazama mpira wa baiskeli unaoning'inia chini, na tone jeusi linalodondoka kutoka humo, akalisubiri tone la pili. Lilipodondoka, akainuka.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, "njo hii?"

"Ndiyo, Mama. Njo hiyo ilikuleta."

"Na mi nilikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani. Na uliiendesha."

Akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa maelezo kwa polisi:

"Nilipanda sababu sikuiona."

Majirani walianguka wakicheka. Mama mkwe hakucheka. Alikwenda mpaka barabarani, akamchagua motari mmoja, yaani kijana wa pikipiki ya abiria, kati ya wengi, akamkagua uso, mikono, viatu, tairi la mbele na la nyuma, maana sasa alikuwa na cha kukagulia. Akapanda pikipiki kwa upande, kitenge kimebanwa vizuri, na kushika shati la kijana kwa vidole viwili. Binti yake alipanda pikipiki ya pili.

Halafu akageuka kuelekea upande wangu, akitazama juu ya boneti, pale penye mguu wa antena.

"We gari," alisema. "Sema na mwenyewe wako: asante. Macho yangu ni yeye. Lakini akupake rangi, kule nyumbani banamungoya alete muchele."

Nilitazama usukani, nikatafuta wa kujibu kupitia kwake.

"We pikipiki," nilisema, "umupeleke mama yangu polepole."

Motari aligusa kitufe kwa kidole gumba, nayo ikawaka mara moja.